Mashine ya kukatia bati: ipi ununue kwanza ukiwa fundi Lubumbashi

Katika mwaka wangu wa tatu wa kufanya kazi kwa jina langu mwenyewe, nilimwezekea mama mmoja nyumba katika komini ya Katuba, kwa mabati mekundu aliyoyanunua kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kila bati nililikata kwa grenda, kwa sababu grenda ndiyo mashine pekee niliyokuwa nayo, na kwa sababu hukata haraka kwa kelele inayomfanya mwenye nyumba aamini kwamba kazi inaendelea. Baada ya misimu miwili ya mvua aliniita. Kingo zote nilizokata zilikuwa na mstari wa kutu wenye upana wa kidole, na juu ya rangi, kila mahali zilipoangukia cheche, palikuwa na vitone vya hudhurungi visivyohesabika. "Papa," aliniambia, "nyumba yangu imeugua ndui." Nilibadilisha mabati manne kwa fedha zangu, na wiki hiyohiyo nikaanza kuuliza watu wengine wanakatia nini.

Mwongozo huu ni kwa fundi wa aina yangu: mwenye karakana ndogo, ambaye leo anaezeka, kesho anatengeneza mlango wa chuma, kesho kutwa anapasua pipa la mafuta ili lizae mbabula, yaani majiko ya makaa, na ambaye mwaka huu ana fedha za mashine moja tu ya kukatia bati. Nimezipanga mashine kuanzia ile ambayo ningemshauri aichukue kwanza. Mwenye kazi ya aina moja tu, kwa mfano anayetengeneza mabomba ya hewa ya inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kwa ajili ya viwanda vya migodi, atakuwa na mpangilio wake, nami nitamkumbuka inapobidi.

Unene kwanza, wati baadaye

Wauzaji wengi hufungua mazungumzo kwa wati. Wati hukueleza mashine itakula umeme kiasi gani. Hazikuelezi itakata nini. Kinachopaswa kujulikana kabla ya yote ni unene wa bati, kisha umbo lake, yaani limenyooka au lina mawimbi, na mwisho ni hali ya ukingo unaotaka ubaki baada ya kukata.

Mabati ya kuezekea, au tole kama tunavyosema hapa, hutajwa kwa namba za BG, na namba hizo huenda kinyume: kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BG 28 ni takriban milimita 0.4, BG 30 ni milimita 0.31, na BG 32 ni robo ya milimita. Tole nyeusi ya milango, yaani isiyopakwa zinki, mara nyingi ni ya milimita 1 au 1.5, na ukuta wa pipa la lita 200 unakaribia milimita 1. Kwa hiyo mashine inayokata milimita 1.6 ya chuma cha kawaida inatosha kwa karibu kazi zote za karakana ndogo, na anayekushawishi uchukue ya milimita 3.2 anakuuzia uzito wa kupandisha juu ya paa bila faida.

Ifahamike pia kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye katoni ni cha chuma laini cha kawaida. Inoksi ni ngumu zaidi, hivyo mashine ileile ya 1.6 hushuka hadi milimita 1.2, ilhali kwa aluminiamu hupanda na kupita milimita 2. Watengenezaji wengine huuweka unene ndani ya jina lenyewe la mashine: kwa Makita, JN1601 na JS1601 ni za milimita 1.6, na JN3201 ni ya milimita 3.2. Tena katika mwili wa mashine nyingi za namna hii kuna mifuo midogo iliyochongwa makusudi, na bati lisilopita katika mfuo huo lisipelekwe mdomoni mwa mashine, hata kama mteja amesimama juu ya kichwa chako akitazama saa.

Kuhusu ukingo, jambo lenyewe ni la zinki. Zinki iliyopakwa kwenye bati hujitoa badala ya chuma: maji yanapofika, huliwa yenyewe kwanza, na bati jembamba lililokatwa bila joto huendelea kulindwa hata pale lilipokatwa, kwa kuwa zinki ya juu na ya chini iko karibu sana na chuma kilichobaki uchi. Joto la diski huichoma zinki hiyo pamoja na rangi pembeni mwa mkato, na cheche zake ni vipande vya chuma chenye moto vinavyozama ndani ya rangi na kuoza humo. Ndui ya Katuba ilitokana na hayo mawili kwa pamoja.

Nafasi ya kwanza: mashine ya kumega

Madukani utaisikia kwa jina la Kifaransa, grinyoteze, na kwenye katoni zinazopitia Zambia huandikwa kwa Kiingereza, nibla. Mdomoni mwake mna mchi na kinu. Mchi ni kipande kidogo cha chuma kigumu kinachopanda na kushuka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Kinu ni tundu linaloupokea. Kila mchi unaposhuka humega kipande kidogo cha bati chenye umbo la mwezi mwandamo na kukitema chini, na kwa kuwa kinachomegwa kila mara ni kidogo, bati halivutwi, halipindi, wala halipati joto la kutosha kuchoma rangi. Mashine ya milimita 1.6 ina uzito usiozidi kilo mbili, na mota ya wati 550 inaitosha kabisa.

Nimeiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu ya mawimbi. Inapanda na kushuka migongo ya bati la kuezekea kama mtu anayetembea juu ya matuta ya mihogo, na mkato unabaki mahali ulipochorwa. Hupinda pia kwa urahisi: ya kawaida hukata duara ambalo nusu kipenyo chake ni sentimita tano hivi, kiasi cha kutosha kuzunguka bomba la moshi au kuchonga pambo la mlango. Katika aina nyingi unaweza pia kukigeuza kinu kitazame kushoto au kulia bila kuugeuza mwili wa mashine, jambo ambalo huonekana dogo dukani lakini hugeuka kubwa unapokata pembezoni mwa ukuta. Ukitaka kuanzia katikati ya bati, toboa kwanza tundu linaloweza kukipitisha kinu.

Ina kasoro zake, na mnunuzi azijue. Ya kwanza ni kwamba hula bati: njia yake ina upana wa milimita tano hivi, kwa hiyo mstari wako uchorwe ukijua kwamba upande unaotupwa ndio utakaoliwa. Kijana wangu mmoja alikata milango miwili ya kabati ikawa mifupi kwa unene wa penseli, kwa kuwa alipitisha mchi katikati ya mstari kama alivyozoea kwa mkasi. Ya pili ni zile miezi. Ni kali kama meno ya panya, hunasa katika nyayo za slapa, huingia katika matairi ya baiskeli ya mteja, na zikibaki juu ya paa hufanya kutu na kuacha madoa yaleyale tuliyotaka kuyakwepa. Mimi huzikusanya kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiugeuza mfuko ndani nje, zote huanguka ndani ya kopo, na sumaku hubaki safi. Kwa aluminiamu na shaba sumaku haina kazi, na hapo ni ufagio tu.

Kasoro ya tatu ndiyo inayostahili kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mchi na kinu huchakaa, na mashine isiyo na vipuri hivyo hapa mjini ni sawa na bunduki isiyo na risasi. Muulize muuzaji akuonyeshe mchi wa akiba, si akuahidi. Ikiwa duka lina mashine kumi na halina mchi hata mmoja, ni afadhali ununue mashine ya jina lisilojulikana sana ambayo vipuri vyake viko rafuni.

Nafasi ya pili: mkasi wa umeme

Kwa bati lililonyooka, mkasi wa umeme hukata vizuri kuliko mashine ya kumega, na wala sitaki kulificha hilo. Ni wa haraka, ni mtulivu, na ukingo wake ni laini kiasi kwamba kidole hupita bila kukwaruzwa sana. Upo wa aina mbili. Wenye kisu kimoja kinachopanda na kushuka kando ya kisu kilichosimama hautoi taka yoyote, lakini huinua upande mmoja wa bati unapopita. Wenye kisu kimoja kinachopita kati ya taya mbili hukata utepe mwembamba unaojikunja kama nyoka mbele ya mkono wako, na pande zote mbili za bati hubaki zimelala. Kwa milango na makabati, ambako pande zote mbili zitatumika, ningechagua huu wa pili.

Aliye na kazi ya mifereji ya maji, mabomba ya hewa, makabati au mapambo ya shaba auweke mkasi katika nafasi ya kwanza na kuishusha mashine ya kumega. Shaba hasa, ambayo mji huu umeitambulisha duniani, ni laini na hukwama kwa urahisi mdomoni mwa kinu, wakati mkasi huipita kama kitambaa. Zaidi ya hayo, anayefua picha za shaba hapendi ukingo wenye meno meno anaolazimika kuupigia tupa nusu siku.

Kwa nini basi ni wa pili? Kwa sababu ya mawimbi, na kwa sababu ya kona. Mkasi wa kisu kimoja wa milimita 1.6 unahitaji nafasi ya karibu robo mita ya nusu kipenyo ili upinde, na bati lenye migongo humshinda mwenye nao baada ya mgongo wa pili. Pia unadai mtu mwenye subira ya kurekebisha visu. Nafasi kati ya visu viwili inapaswa kuwa takriban sehemu moja ya tano ya unene wa bati: kwa bati la milimita 1 ni milimita 0.2, na kwa BG 28 haifiki hata 0.1. Hupimwa kwa visahani vyembamba vilevile wanavyotumia mafundi wa pikipiki kupimia nafasi ya valvu. Nafasi ikiwa kubwa mno, bati jembamba hujikunja na kuingia kati ya visu badala ya kukatika, na mwenye mkasi hudhani kwamba visu vimekufa, ilhali vilihitaji tu kusogezwa.

Nafasi ya tatu: kichwa cha kumega kinachofungwa kwenye drili

Hiki ni kifaa kidogo, chenye vichwa viwili vya kukatia na mkono wa kushikilia, kinachobanwa kwenye drili ya kawaida. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya mashine kamili, na hukata kwa mchi na kinu vilevile. Kwa kijana anayeanza, ambaye tayari ana drili, ndicho ningemshauri anunue akiwa bado anaweka akiba.

Asitarajie makubwa, lakini. Kwenye katoni huandikwa kwamba hukata chuma cha milimita 1.8, mimi hukiamini hadi milimita 1, na kwa bati la kuezekea hufanya kazi njema. Drili iwe na kasi ya angalau mizunguko 1,500 kwa dakika, maana ikienda polepole mchi hushika bati na kulitikisa badala ya kulimega. Mkono wa kushikilia usiachwe hata kidogo, kwa sababu kichwa kikikwama, drili itataka kuzunguka pamoja nacho na kifundo cha mkono wako. Kuna faida moja ambayo mashine kubwa haina: umeme ukikatika na drili ikiwa ya betri, kazi huendelea.

Nafasi ya nne: grenda, ambayo tayari unayo

Najua kwamba wengi wataanzia hapa na kukasirika. Grenda, ambayo mafundi wa hapa huiita meleze kwa kufuata Kifaransa, ndiyo mama wa karakana: hukata nondo, husaga mshono wa kuchomelea, husafisha kutu, na kwa diski ya milimita 1 hupasua tole ya milango bila kuhema. Kwa kazi ambayo baadaye itasagwa na kupakwa rangi, yaani milango, madirisha, mageti na mbabula, iendelee kutumika. Humo ukingo ulioungua si hoja. Niliyoikatalia ni kazi ya paa na ya bati lolote ambalo rangi au zinki yake ndiyo ngao yake ya mwisho.

Anayenunua grenda mpya kwa ajili ya bati achukue ndogo, ya diski ya milimita 125 au 115, si kubwa ya 230. Diski nyembamba ya 1 au 1.6 hukata kwa joto dogo kuliko nene, hutoa cheche chache, na haihitaji kusukumwa. Na hapa niombe radhi kwa kukaa kidogo kwenye hesabu. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika hivi. Kwa diski ya milimita 125, hiyo ina maana kwamba ukingo wa diski unasafiri mita 72 kwa sekunde, na diski za kawaida zimetengenezwa zistahimili mita 80. Sasa chukua yule fundi aliyeondoa kinga ili afunge diski ya 230 kwenye grenda ndogo, jambo ambalo nimeliona zaidi ya mara moja: ukingo wake unasafiri mita 132 kwa sekunde, ilhali kwenye diski yenyewe imeandikwa mizunguko 6,650 kwa dakika. Diski ya namna hiyo haikatiki vipande viwili. Husambaa, na vipande vyake havichagui kati ya fundi na mtoto aliyesimama mlangoni.

Soma pia pete ya chuma iliyo katikati ya diski. Humo mmepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe huzeeka na kunyonya unyevu. Rundo la diski za bei ya kutupa linalouzwa barabarani msimu wa mvua likaguliwe pete moja baada ya nyingine. Kwa inoksi tafuta diski iliyoandikwa hivyo, na usiitumie tena kwenye chuma cha kawaida, vinginevyo utahamishia chembe za chuma kwenye inoksi nayo itaota kutu mbele ya mteja aliyelipa bei ya inoksi.

Kuhusu mapipa, neno moja zito. Pipa lililobeba petroli, mazuti (yaani dizeli) au vimumunyisho linaonekana tupu lakini limejaa mvuke, na cheche moja ya grenda inatosha kulirusha pipa pamoja na aliyelipanda. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijazwe maji hadi karibu na mstari wa kukatia kabla ya kuguswa. Hata mashine isiyotoa cheche mdomoni kwa kawaida ina kaboni, yaani vipande vidogo vinavyoupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, na hizo hutoa cheche ndani ya mota, kwa hiyo kuosha ni kwa mashine zote, si kwa grenda pekee. Na kwa kuwa maji na umeme havielewani, pipa lililojazwa maji mimi hulifungua kwa patasi na nyundo. Pipa likishafunguliwa na kukauka, mashine ya kumega hukata ukuta wake vizuri, isipokuwa ule mkunjo wa juu na wa chini, ambamo bati limekunjwa mara kadhaa na mchi hauwezi kuingia.

Zilizobaki

Msumeno wa jigso, yaani soteze, hukata bati kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, na sharti lake ni kwamba angalau meno mawili yawe ndani ya unene wa bati wakati wote. Kwa BG 30 sharti hilo halitimiziki, na bati hupigapiga kama ngoma hadi ulibane kati ya vipande viwili vya plaiwudi. Kwa mwenye kazi ya mbao anayekata bati mara mbili kwa mwaka, sawa. Kwa fundi wa bati, hapana. Mashine ya plazma ni nzuri kwa chuma kinene, lakini inahitaji kompresa, inahitaji umeme usioyumba, na huchoma zinki kama grenda. Mkasi wa mkono sikuupa nafasi kwa kuwa hauna mota, ingawa kila fundi awe nao. Mikasi yenye mipini ya rangi hununuliwa kwa maana ya rangi yake: mwekundu hupinda kushoto, wa kijani kulia, wa njano hukata mstari ulionyooka. Nimemwona mteja akirudisha mkasi wa kijani akilalamika kwamba ni mbovu, kumbe alikuwa akiulazimisha uende kushoto.

Umeme wa hapa na plagi za kule

Sehemu kubwa ya mashine zinazouzwa Lubumbashi hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na zilizotayarishwa kwa soko la Zambia huja na plagi ya meno matatu ya mstatili, wakati soketi zetu ni za matundu ya mviringo. Usikubali adapta ya plastiki nyepesi kwa mashine ya kukatia. Mwambie fundi umeme abadilishe plagi yote. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina kinga mbili za ndani na haihitaji waya wa ardhi, ila ile isiyo na alama hiyo isifungwe plagi ya meno mawili matupu. Mashine iliyotumika kutoka Marekani huwa ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 utapata moshi kabla ya kupata mkato.

Volti zinaposhuka jioni, mota hupoteza nguvu, na fundi huisukuma zaidi, na hapo ndipo inapoungua. Ukiisikia sauti imekuwa nzito, acha. Waya wa kurefushia wa mita 30 uwe wa milimita mraba 2.5, usiwe ule mwembamba wa taa, na ukunjuliwe wote badala ya kubaki umezungushwa kwenye gurudumu lake, maana uliozungushwa huhifadhi joto. Hapa tena mashine ya kumega inaishinda grenda kubwa: jenereta ndogo ya kVA 1 huendesha wati 550 bila taabu, na haiwezi kuigusa grenda ya wati 2,000. Mwenye betri za volti 18 za drili atazame kwanza kama mtengenezaji wake anauza mashine ya kumega bila betri; mara nyingi ndiyo njia rahisi zaidi ya kuingia nafasi ya kwanza.

Kuitunza

Mafuta kabla ya kukata, si baada ya kuharibika. Chovya brashi kuukuu katika mafuta ya mashine na kuipitisha juu ya mstari uliouchora. Kwa aluminiamu tumia mafuta ya taa, kwa sababu aluminiamu kavu hugandia kwenye mchi na kuukwamisha. Bati la rangi lifutwe baadaye kwa kitambaa.

Siku moja mwanafunzi wangu aliniita kutoka juu ya paa, kwa neno tunalomwitia kaka mkubwa: "Yaya, mashine imechoka, haitaki kwenda." Nilipanda, nikaitazama. Mota ilikuwa nzima. Ukingo wa bati ulikuwa na ndevu chini yake, vile vimezi vilivyoanguka vilikuwa vimepindana badala ya kulala bapa, na yeye alikuwa akisukuma kwa kifua. Hizo tatu zikionekana kwa pamoja, mchi umekwisha makali. Katika aina nyingi mchi hunolewa mara chache kwenye jiwe, kisha hubadilishwa. Kinu hudumu zaidi, lakini nacho kina siku yake. Kukaza skrubu ya kinu kila asubuhi huchukua muda mfupi kuliko kufunga viatu.

Kaboni za mota, ambazo hapa huitwa sharbo, huwa na mstari wa kikomo. Zikifika hapo zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana bado ndefu. Katika kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu la mji huu huingia katika matundu ya kupumulia ya mota na kukaa humo kama unga. Lipulizwe nje kila juma, mashine ikiwa haijachomekwa. Msimu wa mvua adui ni unyevu, nao hushindwa kwa tone la mafuta mdomoni na sanduku linalofungika.

Dukani

Nenda na vipande vyako mwenyewe ndani ya mfuko: kimoja cha bati la mawimbi la BG 28, kimoja cha tole nyeusi ya milimita 1, na kingine cha inoksi ikiwa ndiyo kazi yako. Omba mashine iwashwe. Kata kila kipande kwa urefu wa kiganja, geuza, tazama upande wa chini, pitisha ukucha. Kwa iliyotumika, angalia kama kuna cheche kubwa za samawati zinazozunguka ndani ya mota, kwani hizo ni za kaboni zilizokwisha au za mota iliyoanza kufa, na kwa macho tu huwezi kutofautisha. Ziondolewe kaboni mbele yako kwanza. Majina makubwa huigwa sana, kwa hiyo soma kibati cha taarifa: aina, volti, wati na namba ya mashine viwe vimechapwa kwa usafi na vilingane na katoni. Bei hufuata dola na mzigo uliovuka mpaka juma hilo, basi uliza maduka matatu siku ileile, mjini kati na katika soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, na kila mahali uulize bei ya mashine pamoja na mchi mmoja na kinu kimoja vya akiba, kama bei moja. Muuzaji akikataa usijaribu kukata, mshukuru, urudishe vipande vyako mfukoni, uendelee na duka linalofuata.